Kulala mchana mjini Moshi kwa sauti ya mfongo

Mimi ni nesi wa zamu, naishi Pasua, mtaa mmoja wa Moshi, na kazi yangu inanidai nilale wakati mji wote uko macho. Nikishuka kwenye daladala asubuhi, fundi mageti wa jirani ameshaanza kukata chuma, machinga anapita na spika yake inayorudia bei ya mabeseni, na watoto wa chekechea nyuma ya nyumba wako uwanjani. Walinzi, wauguzi wenzangu, waoka mikate, madereva wa mabasi ya usiku, ninyi mnanielewa bila maelezo marefu. Nawaandikia ninyi kwanza, na baada yenu kila anayefika kitandani akiwa hoi halafu mawazo yakakataa kutulia.

Wengi wanachofanya ni kuingia YouTube, kuandika "sauti ya mvua", kubonyeza ya kwanza kutokea na kuifungulia kwa nguvu. Inaweza kusaidia. Lakini kwa mwili wangu, na kwa watu niliowashauri, sauti inayolaza vizuri ni ile ambayo sikio lako limeizoea tangu utotoni, na ambayo ndani yake hakuna jambo linalotokea. Kwa hiyo nakuomba usiishie kupakua. Nenda karekodi ya kwenu, kama mimi nilivyorekodi mfongo, mfereji wa maji wa kwetu mlimani.

Kwanza uelewe kinachoendelea. Jicho lina kope, sikio halina. Hata ukiwa usingizini linaendelea kupokea, na ubongo unaendelea kuuliza kama kilichosikika ni cha kawaida au ni cha hatari. Kinachokushtua mara nyingi ni tofauti kati ya ukimya wa chumbani na kishindo cha ghafla. Chumba kikiwa kimya kabisa, hata sufuria ikianguka nyumba ya tatu unakaa kitako. Kukiwa na sauti ndogo isiyokatika, ile tofauti inapungua na kishindo kinazama humo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele za mfululizo chumbani zisizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ili mtu alale vizuri, kiwango cha mnong'ono. Pasua saa nne asubuhi hicho hatukipati. Tusichoweza kukinyamazisha, tunakifunika.

Ipo na sababu nyingine. Sauti za maji na ndege zinampa mtu kitu cha kusikiliza kilicho nje yake, na mawazo ya zamu, ya ada na ya madeni yanakosa nafasi. Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Rachel Buxton wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada walikusanya matokeo ya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu sauti za asili. Waliona kwamba sauti za maji ndizo zilizoinua zaidi hali njema ya moyo, na sauti za ndege ndizo zilizopunguza zaidi msongo. Mimi kwa kulala nachagua maji. Ndege nawaweka kwa ajili ya kuamka na kwa mapumziko ya kukaa tu, nitaeleza kwa nini.

Kutafuta sauti yako

Kaa chini ujiulize: ulipokuwa mtoto, ulikuwa unasikia nini pale usingizi unapoanza kukuchukua? Usijibu haraka.

Kwangu ni mfongo. Kwetu Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mfongo unapita nyuma ya jiko la mama, kati ya migomba na mti mmoja mkubwa wa mringaringa. Wasioijua mifongo, ni ile mifereji ambayo wazee wa Kichagga waliichimba kutoa maji ya mito ya mlimani na kuyaleta kwa zamu vihambani, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mahali pengine maji hukusanywa usiku kwenye nduwa, yaani bwawa dogo, asubuhi yakafunguliwa. Mahali ninapopenda mimi, maji yanapita juu ya jiwe bapa na kudondoka chini kiasi cha shubiri. Ukisogeza sikio unasikia sauti mbili kwa wakati mmoja: juu ya jiwe maji yanateleza na kutoa mlio mwembamba, chini yanagonga maji wenzake kwa mlio mzito kidogo, wa duara. Jani kavu la mgomba likinasa pale, ule mlio mwembamba unafifia na mzito unabaki peke yake, mpaka maji yalisukume jani liende. Nimelala na sauti hiyo miaka ya utoto wote, na mwili wangu hauhitaji kuifikiria.

Lakini usidhani kila mtu anatulizwa na maji. Kuna mzee mmoja jirani yangu, mtu wa kule chini Kahe, ambako mito ikifurika maji huingia mpaka ndani ya nyumba. Nilipompa rekodi yangu alisikiliza kidogo akaniambia, "Mwanangu, hii inaniamsha. Nikisikia maji usiku namtafuta mbuzi alipo." Nikamuuliza basi yeye utotoni alikuwa akisikia nini usiku ambao hakuna mvua. Akafikiri, akasema, "Ng'ombe wakicheua." Shemeji yake akaenda akarekodi zizini: ng'ombe analala chini, anashusha pumzi ndefu, kimya kidogo, kisha taya zinaanza kusaga polepole, mfululizo, zinasimama, tonge lingine linapanda, zinaanza tena. Mzee analala na hiyo. Hakuna mtu wa YouTube angemtengenezea.

Mtu wa Tanga atataka mawimbi. Aliyekulia Mererani au Longido huenda akataka upepo kwenye nyasi na kengele za mbuzi kwa mbali. Anayetoka kwenye nyumba ya bati isiyo na dari atataka mvua juu ya bati, na hiyo ni tamu kweli, ila ina ugumu wake kwenye kurekodi.

Kurekodi kwa simu ya kawaida

Simu yoyote yenye kinasa sauti inatosha. Kinachoharibu rekodi nyingi ni upepo, kushikashika simu, na muda usiofaa.

Chagua alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupanda. Kwa mfongo, msimu unaofaa ni Juni na Julai, masika yakishaisha. Wakati wa masika yenyewe maji yanakuja na tope na kunguruma, na ngurumo haina utulivu. Januari na Februari mifongo mingi inakuwa imepungua, unapata matone na mbu. Juni kuna baridi huku juu na ukungu, vaa sweta, lakini hewa imetulia na majani ya migomba hayapigani.

Usiende kwenye maporomoko makubwa. Materuni na Kinukamori ni mahali pa kwenda kwa macho na kwa roho, lakini simu ikisogezwa pale inapata mlio mmoja mkali kama wa redio iliyopoteza kituo. Tafuta maji madogo yanayodondoka kidogo. Kunja kitenge mara nne, kiweke juu ya jiwe kavu, ulaze simu juu yake mwendo wa mkono mmoja kutoka maji yanapodondokea. Kitenge kinazuia mtetemo wa ardhi na kuikinga simu na unyevu. Mdomo wa simu, kile kitundu cha kipaza sauti, uvike soksi nyembamba safi ili upepo usipulize moja kwa moja. Weka simu kwenye hali ya ndege, usije ukapigiwa katikati. Bonyeza, kisha ondoka. Nenda mbali kabisa, ukanywe chai kwa mama. Ukisimama karibu, pumzi yako na kandambili zako zote zinaingia.

Acha irekodi dakika 20 au 30. Ukirudi, kata mwanzo na mwisho ambapo hatua zako zinasikika, kisha sikiliza yote mara moja ukiwa macho. Unawinda matukio. Ndege kwarara akipita juu na ile sauti yake ya kupasuka, kata. Jogoo, kata. Mtu anasalimia barabarani, kata, maana ubongo utaamka umtambue ni nani. Hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa, wakija kwenye mti wa matunda ni kelele tupu, ahirisha mpaka siku nyingine. Na ukirekodi usiku jirani na msitu, jihadhari na perere. Mnyama mdogo yule analia usiku kama mtu anayekabwa, na mgeni wa mlimani akimsikia halali tena. Hii ndiyo sababu ndege siwaweki kwenye rekodi ya kulala: hata anayeimba vizuri ananyamaza na kuanza, na kila akianza ni tukio.

Kwa mvua ya bati, usiweke simu ndani chini ya bati tupu. Mvua ikikaza, sauti inapasuka na kukwaruza. Kaa barazani, elekeza simu kwenye migomba au kwenye maua ya uani, bati lisikike kwa nyuma. Mvua ndogo ya jioni inarekodika vizuri kuliko ile kubwa ya masika.

Ukishapata dakika 20 safi, iwekee kichezeo cha simu kurudia wimbo mmoja. Ukisikia mahali inapoungana, tumia programu yoyote ya bure ya kuhariri sauti, upunguze sauti polepole mwishoni na kuipandisha polepole mwanzoni. Na hapa kuna faida ya mfukoni. Saa moja ya sauti ya kawaida, ya kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama megabaiti 58 tu, nayo iko kwenye simu yako, haili bando. Tena haina tangazo. Mtu anasinzia na sauti ya mvua ya mtandaoni, saa moja baadaye anaruka kitandani kwa tangazo la mkopo.

Chumbani

Kabla ya sauti, punguza kelele kwa mkono. Taulo iliyokunjwa chini ya mlango inaziba zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana sauti inapita palipo na uwazi. Blanketi nzito juu ya pazia linafanya kazi mbili, kelele na mwanga. Mimi pia niliongea na fundi mageti. Nilimpelekea chai, nikamweleza zamu zangu, akaniambia, "Dada nesi, pole sana, ungesema mapema." Sasa siku ninazotoka zamu ya usiku anaanza na kupaka rangi, kukata chuma anakuahirisha mpaka baadaye mchana. Jaribu njia hiyo kabla hujanunua kitu chochote.

Spika usiiweke kichwani pako. Iweke upande kelele zinakotokea, karibu na dirisha au mlango, ili kelele ikiingia ipite kwenye maji kwanza. Spika ndogo ya bluetooth inatosha, hata simu yenyewe ndani ya bakuli la udongo inatosha. Anza na sauti ndogo kabisa, pandisha mpaka makali ya kelele ya nje yapungue, kisha simama hapo. Kelele ya nje ikiendelea kusikika kidogo, hakuna shida. Kipimo changu: mtu akikaa ukingoni mwa kitanda muweze kuongea kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kupaza, punguza.

Spika za masikioni sizipendi kwa kulala, na sababu ni hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80. Mtu anayelala nazo saa nane kila siku anafikisha saa 56 kwa wiki, na akiwa usingizini hajui sauti imepanda wapi. Zaidi ya hapo zinaumiza sikio na kuzuia lisipate hewa. Kama mnalala wawili na mwenzako hataki, weka simu chini ya mto wako kwa sauti ya chini kabisa, isiyo kwenye chaji.

Ukishalala chali, fuata maji kwa pumzi. Vuta pumzi puani kwa kuhesabu taratibu mpaka 4, toa kwa kuhesabu mpaka 6. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Kutoa pumzi polepole kunaamsha upande wa mishipa ya fahamu unaopunguza kasi ya moyo. Ukipoteza hesabu, vizuri, maana yake unaondoka. Rudi kwenye maji tu.

Na tumia sauti ileile kila siku. Wenye hamu ya kubadilisha kila mara, leo bahari, kesho msitu wa Brazili, wanajinyima kitu kikubwa. Mwili unajifunza kwa kurudia. Ukifika mahali ambapo mfongo ukianza tu unapiga miayo, usiusikilize ukifanya kitu kingine chochote, hata ukipika.

Muziki nao

Muziki nautumia kabla ya kulala, ninapooga na kula, ukiwa daraja la kutoka wodini kuja nyumbani. Kwenye usingizi wenyewe siuingizi, kwa sababu wimbo una mwanzo, kati na mwisho, na sikio linasubiri kinachofuata.

Chagua wenye mapigo 60 mpaka 80 kwa dakika, karibu na moyo uliopumzika. Kuhesabu ni rahisi, fanya kama tunavyohesabu mapigo ya mgonjwa: tazama saa, hesabu midundo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 15 mpaka 20 kwenye hizo sekunde, umefaulu. Singeli inavuka mapigo 200 kwa dakika, naipenda arusini, sio saa hii.

Maneno ni jambo la kuangalia kwa makini. Ukiyafahamu, ubongo unayafuata. Kwaya zetu za huku Kilimanjaro ni nzuri mno, lakini nyingi tumezisikia misibani, na wimbo mmoja unaweza kukurudisha kaburini kwa baba yako wakati ulitaka kulala. Kama wimbo una kumbukumbu nzito, uweke kwa siku ya kulia. Mimi napenda ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo zikipigwa bila kuimba, na ule mwanzo mrefu wa taarab ya zamani ya Unguja, kanuni na udi, zile ala za nyuzi, vikijibizana kabla mwimbaji hajaingia.

Wanaotilia shaka wajue kwamba hili limejaribiwa. Mwaka 2008 László Harmat na wenzake wa Hungaria walichapisha utafiti wa wanafunzi wenye matatizo ya usingizi. Waliosikiliza muziki tulivu dakika 45 kila usiku kwa wiki tatu walilala vizuri zaidi. Kwa hiyo siku mbili za kwanza zisikukatishe tamaa.

Matokeo ninayoyapenda zaidi ni ya Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, mwaka 2006. Walipima moyo na shinikizo la damu watu wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali, na katikati wakaingiza kimya cha dakika mbili. Katika kile kimya, mapigo na shinikizo vilishuka hata chini ya vilivyokuwa kabla ya muziki. Tangu nisome hilo, muziki ukiisha siwashi maji papo hapo. Nakaa kitandani kwanza, kimya, kwa muda wa kuvua saa na kujipaka mafuta miguuni. Kisha ndipo mfongo.

Siku ya mapumziko

Rekodi haishindi mahali penyewe. Moshi tuna Msitu wa Rau, karibu tu na mji, wenye mivule mikubwa, mbega na maji. Walioko Arusha wana Ziwa Duluti pale Tengeru, lenye njia ya miguu inayozunguka ndani ya msitu. Huko ndege ndio wenye siku. Kaa mahali pamoja, funga macho, utafute sauti ya mbali kuliko zote, halafu ya karibu kuliko zote. Simu ibaki mfukoni imezimwa.

Watoto, na wagonjwa

Kwa mtoto mchanga, spika ikae angalau mita mbili kutoka alipolala, kwa sauti ya chini, na uizime akishasinzia. Masikio yake bado ni machanga.

Usingizi mbaya ukikuandama usiku tatu au zaidi kila wiki kwa miezi mitatu, au ukikoroma na kukatika pumzi, mfongo hautoshi, nenda hospitali. Vivyo hivyo kwa mlio wa masikioni usioisha.

Na kama unauguza ndugu wodini, hili nalisema kwa kuwa naliona kila zamu. Mnaleta simu, mnawasha nyimbo mnazozipenda ninyi, mnamwekea karibu na kichwa. Yeye hawezi kuinuka kwenda kuizima. Muulize kwanza anataka kusikia nini, mtaje vitu vya kwao: mvua, zizi, mawimbi, mashine ya kukoboa kahawa. Mwombe nesi ruhusa, kwa sababu kuna kitanda cha pili. Mwonyeshe pa kuzimia na umwachie simu mkononi. Asiyeweza kuongea, angalia paji la uso na vidole vyake katika dakika chache za kwanza. Akikunja uso au akikaza ngumi, zima, na kesho mletee sauti nyingine.